DJ Anapokata Sauti

Saa tano ya usiku ilikuwa imepita. Chakula kilikwisha kuliwa, kamati ilikwisha kutoa shukrani zake, na ukumbi ule wa Dar es Salaam ukabaki mikononi mwa DJ. Akapiga wimbo wa hip-hop wa Marekani ambao vijana wote waliokuwepo waliujua neno kwa neno. Ulipofika mahali fulani akakata sauti, na ukumbi mzima ukajaza neno lililokosekana. Akafanya hivyo mara ya pili, mara ya tatu, na kila mara sauti za vijana zilizidi kupanda. Neno lenyewe ni lile linaloanza na herufi N, ambalo sitaliandika hapa.

Mashangazi walikuwa wakipiga vigelegele bila kujua kinachosemwa. Kwenye meza iliyopakana na yangu alikaa mgeni wa bibi harusi, mama wa makamo, Mmarekani mweusi, aliyevaa kitenge cha sare kama sisi wengine. Aliacha kupiga makofi. Hakununa wala hakuondoka. Alitazama mikono yake mpaka wimbo ulipokwisha. Baadaye, tukisubiri gari nje, aliniuliza kwa upole kama wale vijana wanajua neno lile lina maana gani. Nikamjibu kwamba wanajua, na hawajui. Jibu hilo limenikera tangu usiku ule. Nilipaswa kumpa lililo bora zaidi, na makala haya ni jaribio langu la kulitafuta.

Wanajua, kwa sababu intaneti haijawaficha kitu. Wanajua kwamba neno lilitokana na rangi tu, nyeusi, kwa Kilatini na Kihispania, kisha likawa jina la mtu anayeweza kuuzwa. Utumwa ulipofutwa Marekani mwaka 1865, neno halikufutwa nao. Lilibaki midomoni mwa waliowanyonga watu weusi mitini, waliowazuia kupiga kura, waliowaita wazee wa miaka sabini kwa jina hilo mbele ya wajukuu wao. Wenyewe waliotukanwa wakalichukua, wakalibadili mwisho wake, wakaitana nalo kwa mapenzi na kwa uchungu. Kundi la rap la N.W.A la Compton likaliweka ndani ya jina lake, na albamu yao ya 1988 ikalisambaza duniani.

Hata hivyo wenyewe hawajakubaliana. Julai 2007, mjini Detroit, NAACP, chama cha kutetea haki za watu weusi, kiliandaa mazishi ya neno hilo, na jeneza likavutwa na farasi barabarani. Mwaka uliofuata mwanamuziki Nas, aliyekusudia kuiita albamu yake kwa neno hilohilo, aliitoa bila jina baada ya shinikizo kuwa kubwa. Rapa Kendrick Lamar, katika albamu yake ya 2015, alikwenda mpaka Ethiopia kutafuta mbadala, akaleta neno negus, yaani mfalme. Familia iko kikaoni bado, na kikao ni kirefu.

Kendrick huyo ndiye aliyelileta mbele ya umati swali letu, kama kuliimba neno ni kulisema. Mei 2018, wiki chache baada ya kupata tuzo ya Pulitzer, alikuwa jukwaani Gulf Shores, Alabama. Alimpandisha msichana mzungu aliyeuhifadhi wimbo wake wa «m.A.A.d city», wakaanza kuimba pamoja. Msichana aliimba kila neno kama lilivyo, na lile tusi pia. Kendrick akasimamisha muziki. Watu wakazomea. Akamweleza kwamba kuna neno moja analopaswa kuliruka, akampa nafasi ya kuanza upya. Mjadala uliofuata ulikuwa mkali: kama hutaki wazungu walitamke, kwa nini uliandike, kisha umwite jukwaani?

Hoja hiyo naiheshimu. Wimbo una uchawi wake. Ukiimba, unaazima «mimi» ya mtu mwingine. Bibi aliyeolewa miaka arobaini anaimba wimbo wa binti aliyeachwa jana, na machozi yanamtoka kwelikweli. Mwigizaji anayeigiza muuaji hapelekwi mahakamani. Na anayependa wimbo huukariri mzima, kama ulivyo, kwa sababu mdundo umefumwa na maneno. Ukichomoa moja unasikia pengo. Kizazi cha kwanza cha rap hapa kwetu kilijifunza hivyo, kwa kurudisha kanda nyuma na kuimeza mistari ambayo nusu yake hakikuielewa. Siwezi kuwacheka waliofanya hivyo, maana ndio waliotuzalia Bongo Fleva.

Lakini hapa ndipo Kiswahili chenyewe kinaponizuia. Sisi sehemu ya wimbo inayoimbwa na wote tunaiita kiitikio. Mtoto akiitwa huitika. Sheikh akiomba dua tunaitikia amina, na hakuna anayetoka pale akidai dua ilikuwa ya sheikh peke yake. Kuitikia, kwa lugha yetu, ni kuwa umesikia na umekubali.

Waulize wanaoijua taarabu. Zanzibar na Tanga, mwanamke hutulia kwenye kiti chake mpaka mstari unaomhusu ufike. Hapo huinuka na noti mkononi, akacheza taratibu kwenda mbele kumtunza mwimbaji, na njiani akayapitisha macho yake kwa mtu fulani. Hajatamka neno. Maneno ni ya mtunzi, sauti ni ya mwimbaji. Lakini ukumbi wote unajua kwamba ametuma ujumbe, na aliyetumiwa anajua zaidi. Katika miaka ya 1990, Khadija Kopa wa kundi la TOT na Nasma Khamis «Kidogo» wa kundi la Muungano waliporushiana mipasho, mashabiki waliobeba mistari ile mitaani waliibeba kama yao, na wakagombana kwayo. Ajaribu mmoja wao kujitetea mbele ya mke mwenza kwamba alikuwa anaimba tu.

Basi tumekwisha kuwa na elimu hii nyumbani. Tunaisahau wimbo unapokuwa wa Kiingereza.

Vijana wengi niliozungumza nao wana jibu lingine: sisi ni weusi, neno hilo ni letu pia, anayekatazwa ni mzungu. Ndiyo maana mtaani tunasikia «maniga wangu» bila mtu kushtuka. Hoja hii ina ukweli ndani yake, kwa maana polisi wa Minneapolis au wa London hamuulizi mtu mweusi kama babu yake alitoka Mississippi au Mbeya. Ubaguzi unatukuta wote. Ila mimi naona rangi haitoshi kutoa kibali, na ninayemwita shahidi ni utani.

Wahehe na Wangoni walipigana vita vikali kati ya miaka ya 1870 na 1880. Leo ni watani. Mngoni anaweza kumwambia Mhehe maneno ambayo akiyasema mtu wa tatu meno yatang'oka. Wanyamwezi na Wazaramo vivyo hivyo, utani wao ulikua katika njia za misafara iliyotoka bara kwenda Bagamoyo. Kibali hicho hakikuja kwa kufanana ngozi, kwani wote ni weusi na watani si wote. Kilikuja kwa historia ya watu wawili hawa, na kinalipiwa. Ukifiwa, mtani anayekudhihaki ndiye anayeshika jembe la kaburi. Anamwigiza marehemu mpaka wafiwa wanacheka katikati ya kilio, lakini amekuja, na kazi ameifanya. Tusi lake linasimama juu ya wajibu.

Kijana wa Temeke na kijana wa Compton wana nini kati yao? Wana muziki, na muziki si kitu kidogo. Lakini hatujashika jembe kwenye makaburi yao. Hatukuitwa jina lile shambani chini ya kiboko. Sisi tuna majina yetu. Pwani hii iliuza watu; soko la Zanzibar pale Mkunazini lilifungwa mwaka 1873 tu, na maneno ya enzi zile hayajafa: mtwana, mjakazi, mshenzi. Fikiria Mmarekani mweusi anashuka Bagamoyo, anapanda jukwaani, na kwa mapenzi yote anawaita wenyeji watwana wake, kwa sababu ni mweusi kama wao na amelisikia kwenye wimbo. Nadhani ukumbi ungenyamaza kama alivyonyamaza yule mama wa harusini.

Maneno husafiri na uzito wake hubadilika njiani. Kafiri, kwetu, ni neno la dini. Lilivuka kwenda Afrika Kusini, na makaburu wakalifanya tusi baya kuliko yote la kumwita mtu mweusi. Mwaka 1995 mwanamuziki Arthur Mafokate alilifanya jina la wimbo wake wa kwaito, akimkataza bosi kumwita hivyo, na vijana wa Soweto wakaucheza usiku kucha. Pale neno limeshikwa na mwenye jeraha, linarudishwa kwa aliyelitupa. Kuitikia wimbo ule ni kuitikia katazo. Ndiyo maana siwezi kukubali sheria moja ya nyimbo zote. Nauliza tusi limeelekea wapi, na ninayeimba nimesimama upande gani wake.

Yupo mtu ambaye kisa chake ningependa kila DJ wa Afrika Mashariki akijue. Mchekeshaji Richard Pryor alilitumia neno lile jukwaani kwa ustadi ambao haukuwa na mfano kwa wengi waliomsikia. Albamu zake mbili, ya 1974 na ya 1976, zililibeba kwenye majina yake. Mwaka 1979 alikuja Kenya. Siku moja, akiwa amekaa mapokezi ya hoteli, alitazama watu waliomzunguka, weusi wa kila aina, kila mmoja na kazi yake na heshima yake, akagundua kwamba tangu afike neno lile halijamjia mdomoni. Alisimulia hayo katika filamu yake ya jukwaani, «Live on the Sunset Strip» ya mwaka 1982, na kwamba aliamua kutomwita tena mtu mweusi jina hilo. Mtu aliyekuwa ametajirika nalo aliutua mzigo huo hapa, katika ardhi yetu, kwa sababu alipotutazama sisi hakuona wa kumwita hivyo. Inaniumiza kuona watoto wa watu wale wameuinua na kujitwisha, tena kwa shangwe.

Je, redio ilifute neno? Hufutwa, na pengo linakuwa mwaliko. DJ wa ile harusi alijua hivyo vizuri. Je, serikali ifungie nyimbo? Baraza la Sanaa la Taifa, BASATA, limewahi kufungia nyingi, ukiwamo «Mwanza» wa Rayvanny na Diamond mwaka 2018, na sijaona kufungia kukimfundisha mtu yeyote anachokisema. Aliye peke yake na spika zake za masikioni simfuati chumbani. Ninaloliomba ni dogo, nalo linawezekana: mdundo uende, neno uliruke, uingie tena kwenye mstari unaofuata. Yule msichana wa Alabama aliombwa hilohilo tu, mbele ya umati uliokuwa ukimzomea.

Nilipokuwa na miaka minane au tisa, mtaani kwetu palikuwa na fundi baiskeli mwenye ualbino. Alifanya kazi chini ya mwembe, kofia pana kichwani, mikono mirefu ya shati imefungwa vifungo hata jua liwe kali namna gani. Watoto tulikuwa na wimbo. Mmoja anaanzisha, wengine tunaitikia «zeruzeru», tunakimbia, tunarudi. Nani aliutunga sijui. Tuliukuta, kama tulivyoikuta michezo mingine yote. Mimi sikuwa mwanzishaji hata siku moja. Sauti yangu ilikuwa ndogo, nilikaa nyuma, nikaitikia na wenzangu.

Jioni moja wenzangu walikimbia nami nikabaki, kwa kuwa kandambili yangu ilikuwa imekatika. Fundi aliinua kichwa akaniona. Jana yake alikuwa ameziba pancha ya baiskeli ya baba, na alinipa tyubu kuukuu nitengenezee manati. Aliniita kwa jina langu. Nikaitika, «Abee.» Akanishika mkono, akaitazama ile kandambili, akachukua waya, akaanza kuishona. Hakusema chochote kuhusu wimbo. Alipomaliza aliiweka chini mbele ya mguu wangu, nikaivaa, nikaondoka nikitembea.