Kizazi cha saba: kompyuta za mtumba zinazoonyesha video bila kukwama

WAFANYABIASHARA wa kompyuta mpakato zilizotumika wana kipimo cha bei kilichozoeleka kwa miaka mingi: jina la prosesa, ukubwa wa RAM na ukubwa wa diski, basi. Core i7 huuzwa juu ya Core i5, Core i5 juu ya Core i3, na Celeron huwekwa pembeni kama bidhaa ya wanafunzi. Kwa mteja wa kuandika barua na kupiga mahesabu, kipimo hicho kinatosha. Kwa mteja anayetaka kuonyesha video za kisasa kinadanganya, na anayelipia udanganyifu huo mara nyingi ni muuzaji mwenyewe, kwa sababu mashine hurudishwa dukani.

Mchukue mpiga video za harusi. Tangu mfumo wa iOS 11 ulipotoka mwaka 2017, simu za iPhone zenye uwezo huo hurekodi kwa mtindo uitwao HEVC, ambao wengine huuita H.265. Kuanzia iPhone 12 ya mwaka 2020, rekodi za rangi pana hutumia biti 10 badala ya biti 8. Mteja huyu anahamishia kazi yake kwenye Core i7 ya mwaka 2011 aliyouziwa kwa sifa nyingi, anaiunganisha na televisheni ukumbini mbele ya maharusi, picha inagandaganda, sauti inatangulia, feni inavuma kama jenereta. Kesho yake asubuhi yuko mlangoni kwa muuzaji. Fundi anaongeza RAM, haisaidii. Anabadilisha diski na kuweka SSD, mashine inawaka haraka zaidi lakini video inakwama pale pale.

Sababu yake si ya uchawi. Picha moja ya 1080 ina nukta 2,073,600. Picha 30 kwa sekunde ni nukta zaidi ya milioni 62 kila sekunde. Video ya 4K ina nukta mara nne ya hizo. Faili haliwezi kubeba mzigo huo wote kama ulivyo, kwa hiyo video hubanwa wakati wa kurekodi, na mashine inayoionyesha hulazimika kuifumbua papo hapo. Ipo njia ya prosesa yenyewe kufanya hesabu hizo kwa msaada wa programu. Ipo pia njia ya kupeleka kazi kwenye kitengo maalumu kilichojengwa ndani ya chipu ya picha, kitengo ambacho kazi yake ni kushughulikia video. Hiki hufanya kazi bila jasho na kwa umeme kidogo. Tatizo ni kwamba kinafahamu mitindo ile tu kilichotengenezewa kiwandani. Mtindo ukivumbuliwa baadaye, hakuna namna ya kukifundisha.

Walionunua kompyuta ndogo zenye Atom N270 mwaka 2008 wanalikumbuka somo hili. Mashine zile zilikuwa na chipu ya picha ya GMA 950 isiyojua H.264, na video ya 1080 ilizishinda kabisa. Lakini Atom hiyo hiyo, ilipowekwa pamoja na chipu ya Ion ya NVIDIA katika HP Mini 311 ya mwaka 2009, iliicheza video ya 1080. Prosesa ilikuwa dhaifu vile vile. Kilichobadilika ni chipu ya picha.

Kwa mnunuzi wa leo, hesabu iko hivi. H.264 ilipitishwa mwaka 2003, na mashine za Core za kizazi cha pili, za mwaka 2011, huifumbua kwa kitengo chake. HEVC ilikuja mwaka 2013 kwa lengo la kupunguza ukubwa wa faili hadi karibu nusu bila kuharibu picha, na kwa anayenunua bando hilo si jambo dogo. Upande wa Intel, HEVC ya biti 8 inafumbuliwa kikamilifu na Core za kizazi cha sita, za mwaka 2015. HEVC ya biti 10, pamoja na VP9 inayotumiwa sana na YouTube, vilikamilika katika kizazi cha saba, kilichotangazwa mwaka 2016. AV1, mtindo mpya zaidi wa mwaka 2018, ulisubiri kizazi cha kumi na moja mwaka 2020.

Hapa ndipo bei za mtaani zinapokwenda kombo. Celeron N3350 ya mwaka 2016, ambayo wengi huipita bila kuitazama, inafumbua HEVC ya biti 10. Core i7 ya kizazi cha pili haina kitengo cha kufanya hivyo, inabaki kuhangaika kwa nguvu ya prosesa. Kwa kazi nyingine zote i7 itaiacha Celeron mbali, hilo halina ubishi. Kwa anayetaka tu kuonyesha video, Celeron ndiyo mashine. Ila si kila Celeron: N2840, ya kizazi cha nyuma zaidi, inaishia kwenye H.264. Kwa upande wa AMD, anayetaka HEVC ya biti 10 na VP9 aanzie Ryzen za mpakato za mwaka 2017. Mashine za A4 na A6 za miaka ya nyuma zinahitaji uangalifu mkubwa.

Fursa yenyewe imeletwa na Microsoft. Windows 11, iliyotoka mwaka 2021, inakubali rasmi Core kuanzia kizazi cha nane, ukiondoa mashine chache za kizazi cha saba. Tarehe 14 Oktoba 2025 msaada wa kawaida wa Windows 10 ulikoma. Ofisi za Ulaya na Marekani zinazofuata masharti ya usalama wa mitandao zina sababu ya kuziondoa mashine za kizazi cha sita na cha saba, na mlango wa hizo kutokea ni soko la mitumba. Mnunuzi wa jumla anayejadiliana bei ana haki ya kusema kwamba mashine hizo hazipokei Windows 11 rasmi, na hoja hiyo inashusha bei ya vizazi vyote viwili kwa pamoja. Lakini kwa video havilingani hata kidogo. Cha saba kina karibu kila kitu isipokuwa AV1, na hata hiyo, kwa picha ya 1080, prosesa ya i5 humudu kwa msaada wa programu nzuri. Anayeogopa Windows isiyo na msaada anaweza kuweka Linux. Kwa mashine itakayokaa kibandani ikionyesha video bila intaneti, hofu yenyewe ni ndogo.

Kwa hiyo mwenye mtaji mdogo asinunue kwa kutazama ganda. ThinkPad T470 na Latitude 7480 zilitoka kiwandani zikiwa na prosesa za kizazi cha sita na nyingine za cha saba, zikiwa na sura ile ile. Ukinunua kumi kwa mkupuo bila kuziwasha, unanunua mbuzi kwenye gunia. Soma namba baada ya kistari: i5-6300U ni kizazi cha sita, i5-7300U ni cha saba. Stika ya nje isiaminiwe, stika hubandikwa. Fungua mfumo usome mwenyewe.

Wala upya wa mashine si kinga. Mwaka 2025 ilibainika kwamba HP na Dell waliuza baadhi ya kompyuta zao mpya za kiofisi zikiwa na HEVC iliyozimwa, ingawa prosesa iliyomo ndani inaiweza. Mtindo huo una ada za hakimiliki kwa kila mashine, na wauzaji wakubwa nao wanajua kubana matumizi. Kwenye Windows, programu za Microsoft zenyewe huhitaji nyongeza ya HEVC ambayo imekuwa ikiuzwa senti 99 za Dola. VLC huicheza bila malipo, na muuzaji makini huiweka kabla mteja hajafika.

Mteja anayelalamikia YouTube pekee kwenye mashine ya zamani anaweza kusaidiwa bila kubadilishiwa mashine. Kuna nyongeza ya kivinjari iitwayo h264ify, inayoilazimisha YouTube kutoa H.264. Picha itaishia 1080, lakini haitakwama. Wenye vibanda nao wakumbuke kwamba tundu la HDMI la mashine nyingi za kizazi cha saba hupeleka 4K kwa picha 30 tu kwa sekunde. Kwenye televisheni ya 4K ni afadhali kuweka 1080 kwa picha 60, mpira utaonekana ukitembea vizuri zaidi.

Anayekwenda kununua mzigo abebe flashi yenye faili tatu: moja ya H.264 ya 1080, moja ya HEVC ya biti 8, na moja ya HEVC ya biti 10 ya 4K, hata ikiwa imerekodiwa kwa simu ya jirani. Achomoe chaja, acheze kila moja kwa dakika tano, na afungue Task Manager kwenye ukurasa wa chipu ya picha. Mstari wa ufumbuaji wa video ukipanda huku prosesa imetulia, kitengo kinafanya kazi. Prosesa ikikaribia asilimia 100 na mstari huo ukibaki chini, ajaribu kwanza kuweka drayva ya Intel iliyo sahihi, kwa sababu mashine iliyofutwa na kuwekewa Windows upya mara nyingine huachwa na drayva ya muda. Ikiendelea vile vile baada ya hapo, arudishe mashine mezani na kutaja bei ya chini, au ahamie duka linalofuata.