Mwezi Ulioinama Haumwagi Mvua

Jioni mwezi unapoandama, aliyeko Songea akiipa mgongo Milima ya Matogoro na kutazama magharibi, huiona hilali imelala chali. Kuna majira inakaa sawa, ncha zake zikikaribia kulingana. Kuna majira inainamia kulia, upande wa kaskazini. Kwa jamii nyingi za wakulima barani Afrika, mkao huo ni habari ya mvua: mwezi uliokaa sawa ni bakuli lililoshika maji yake, na ulioinama unayamwaga.

Imani hii inastahili kupimwa kwa makini, kwa sababu haikuzuka hewani. Songea iko karibu nyuzi 11 kusini mwa Ikweta. Mwezi hupita angani karibu na njia ya jua, ukitofautiana nayo kwa nyuzi 5 hivi. Kwa kuwa mhimili wa dunia umelala upande kwa nyuzi 23.4, njia hiyo haishuki magharibi kwa pembe ileile mwaka mzima. Upande wa hilali unaong'aa daima hulielekea jua lililokwisha kuzama, kwa hiyo njia ikilala upande, hilali nayo huinama. Mwezi Machi, hilali ya siku tatu huinama Songea kwa kiasi cha nyuzi 30. Septemba hukaa karibu sawasawa, ikiinamia kidogo tu upande wa pili.

Sasa iweke kalenda ya mvua sambamba na hesabu hiyo. Ruvuma ni mkoa wa msimu mmoja, kuanzia Novemba hadi Aprili. Machi mahindi yamesimama shambani na mvua ipo; Septemba ni kiangazi. Hilali iliyoinama imekutana na mvua, iliyokaa sawa imekutana na ukame. Mkulima aliyeyaona haya mwaka baada ya mwaka aliona kweli. Alichokosea ni kudhani kwamba kimoja kinaleta kingine. Mkao wa hilali na ukanda wa mvua unaolifuata jua kuja kusini vyote vinatokana na kulala kwa mhimili wa dunia. Ni watoto wa mama mmoja. Hakuna aliyemzaa mwenzake.

Ushahidi uko kwenye Juni na Desemba. Miezi hiyo miwili, hilali ya Songea huinama kwa kiasi kinachokaribiana, nyuzi 10 hivi. Lakini Desemba wakulima wako shambani kwenye tope, na Juni anga ni kavu na baridi imeshika. Kama mwezi ndio ungekuwa unamwaga, Juni na Desemba zingenyeshewa sawa. Tena hilali inayoonekana Songea mjini ndiyo ileile inayoonekana Peramiho jioni hiyohiyo, ilhali mvua inaweza kunyesha upande mmoja na kuuruka wa pili. Mkao wa mwezi unaweza kukokotolewa miaka mingi mbele. Mvua inategemea joto la Bahari ya Hindi na mwendo wa pepo, na ndiyo maana Mamlaka ya Hali ya Hewa hutoa utabiri mpya kila msimu.

Na yale “maji” yanayoonekana ndani ya bakuli, ule weusi wenye mwanga hafifu unaokamilisha duara la hilali? Huo ni mwanga wa dunia yetu. Jua huangaza bahari na mawingu yetu, mwanga huo ukaruka hadi mwezini, ukarudi machoni petu. Leonardo da Vinci alilieleza jambo hili mwanzoni mwa karne ya 16.

Zipo imani nyingine kuhusu mwezi zinazoanguka mara tu zinapohesabiwa. Watu wengi, hata wauguzi katika nchi mbalimbali, huamini kwamba mwezi mpevu huleta wajawazito wengi wodini. Watafiti wa jimbo la North Carolina, Marekani, walichambua vizazi 564,039 vya kuanzia 1997 hadi 2001. Idadi haikupanda wala kushuka kwa kufuata mwezi.

Lakini ipo hofu ya kale, ile ya mwezi mpevu, ambayo vipimo viliitetea, na vipimo hivyo vilifanywa nchini mwetu. Mwaka 2011, Craig Packer na wenzake, akiwemo mtafiti Mtanzania Dennis Ikanda, walichapisha uchambuzi wa mashambulizi ya simba dhidi ya karibu wanavijiji 500 wa Tanzania kati ya 1988 na 2009. Mengi yalitokea kati ya magharibi na saa nne usiku, na hatari ilikuwa kubwa zaidi katika siku zinazofuata mwezi mpevu.

Sababu inaeleweka. Baada ya kupevuka, mwezi huchelewa kuchomoza kwa wastani wa dakika 50 kila siku. Saa moja au mbili baada ya jua kuzama, giza ni totoro huku watu bado wako njiani, wanapika nje au wanapanda dunguni kulinda mazao dhidi ya nguruwe pori. Simba naye ametoka katika usiku wa mbalamwezi ambapo wanyama walimwona mapema wakamkimbia, kwa hiyo ana njaa. Kwa vijiji vya Namtumbo na Tunduru vilivyo jirani na mapori ya wanyama, hili ni jambo la usalama: katika siku hizo watoto wawe ndani mapema, na asitembee mtu peke yake.

Kwa hiyo imani moja ilikuwa na jicho zuri lakini sababu isiyo sahihi, nyingine haikuwa na kitu, na ya tatu ilibeba onyo la kweli. Kwa kuzisikiliza tu, usingeweza kuzitofautisha. Kilichozitenganisha ni daftari lenye tarehe.

Daftari hilo shule yoyote ya Songea inaweza kulianzisha. Inahitaji protrakta, uzi wenye jiwe la kuonyesha wima, na kopo la kupimia mvua. Jioni ya tatu baada ya mwezi kuandama, wanafunzi wapime mwinamo wa hilali. Kila asubuhi wasome kopo na kuandika. Mwaka ukiisha, waisome Juni kando ya Desemba. Watakuwa wameijibu imani ya wazee kwa heshima inayoistahili, yaani kwa kuichunguza angani kama wazee wenyewe walivyofanya, safari hii wakiwa na kalamu mkononi.