Askari wa Akiba na Kazi Yake ya Kila Siku

Katika nchi ya Uingereza mtu aweza kuwa seremala, karani au mwalimu siku za kazi, na Jumamosi akavaa mavazi ya kiaskari. Watu wa namna hii huitwa askari wa akiba. Jeshi lao lilianzishwa Aprili 1908, wakati R. B. Haldane alipokuwa Waziri wa Vita, na tangu mwaka 2014 laitwa Jeshi la Akiba.

Kwa kawaida askari huyo hutakiwa kujifunza kazi ya vita siku 27 hivi kila mwaka: jioni kadha wa kadha, baadhi ya Jumamosi na Jumapili, na kambi ya majuma mawili. Hulipwa kwa siku alizofanya, na atimizaye siku zake na kushinda majaribio hupewa bakshishi isiyotozwa kodi.

Jambo lenye taabu ni ile kambi. Sheria haimlazimishi tajiri kumpa mtumishi wake ruhusa ya kwenda kujifunza. Matajiri wengine hutoa siku za ziada, wengine hawatoi. Hapo askari hula likizo yake mwenyewe, na mkewe na watoto ndio wakosao matembezi yao. Yafaa basi tarehe za kambi zifike mezani kwa tajiri mapema, wala si juma moja kabla.

Aitwapo vitani, mambo ni mengine. Sheria ya mwaka 1985 humpa haki ya kurudishwa kazini, mradi aombe kwa maandishi kabla ya kupita Jumatatu ya tatu tangu utumishi wake ulipokwisha. Siku hiyo haifai kusahauliwa hata kidogo. Tajiri naye, akiona biashara yake itaharibika sana, aweza kuomba mtu wake aahirishiwe.

Wako pia wanaojitolea bure baada ya hayo yote. Kazi ya St John Ambulance ni nyepesi kupangwa, kwa maana siku ya mchezo wa mpira hujulikana mbele. Lakini mashua za kuokoa watu baharini, ambazo chama chake kilianza mwaka 1824, huita mabaharia wake saa yo yote, usiku au mchana. Aliye kambini Scotland hawezi kuitika mwito wa bandari ya kwao Cornwall. Hivyo hana budi kumwarifu mapema mkuu wa mashua, ili mwingine ashike zamu yake.