Alitoa fedha ya viatu, wakaja nzige

Ndugu msomaji, umewahi kutoa sadaka iliyokugharimu kweli, kisha mambo yako yakaharibika badala ya kunyooka? Ulichangia ujenzi wa kanisa, ukaambiwa Mungu si mdeni wa mtu, ukarudi nyumbani kungoja. Mwaka haukuisha, ukaachishwa kazi, au mtoto akalazwa hospitalini. Sasa kila unaposikia ushuhuda wa mwenzako aliyepanda mbegu akavuna gari, moyo unakuchoma, na unajiuliza ulikosea wapi.

Leo nataka tumtazame mkulima mmoja wa Marekani aliyepita njia hiyo. Jina lake ni Charles Ingalls, aliyezaliwa katika jimbo la New York mwaka 1836. Huenda umesikia habari za nyumba yake, kwa sababu binti yake wa pili, Laura, aliandika vitabu vya watoto kuhusu maisha yao, na baadaye vikatengenezewa tamthilia ya televisheni. Katika tamthilia ile, kipindi kinapoisha mambo huwa yametengemaa. Maisha yenyewe hayakuwa hivyo.

Charles alimwoa Caroline mwaka 1860. Miaka miwili baadaye, serikali ya Marekani ilipitisha sheria ya kugawa ardhi ya magharibi. Mtu alijiandikisha, akapewa hadi ekari 160, na akiishi hapo na kulima kwa miaka mitano shamba lilikuwa lake. Maelfu ya familia zilipakia vyombo kwenye magari ya kukokotwa na kufuata ahadi hiyo. Charles na Caroline walitoka Wisconsin wakaenda Kansas, wakarudi Wisconsin, wakaenda Minnesota, Iowa, Minnesota tena, na mwisho Dakota. Kila mahali walianza upya, kwa shoka na jembe.

Tusimfanye malaika. Kule Kansas, mwaka 1869, Charles alijenga nyumba katika ardhi ya Waosage, wenyeji wa nchi ile, ardhi ambayo ilikuwa bado haijafunguliwa kwa walowezi. Mwaka 1871 aliondoka. Waosage nao walisukumwa kusini, hadi eneo ambalo leo ni jimbo la Oklahoma. Kisa cha Nabothi katika 1 Wafalme 21 kinatukumbusha kwamba Mungu huuliza shamba limepatikanaje, hata mwenye kulitaka awe nani. Aliyesikia maombi ya Charles na watoto wake aliona pia machozi ya watoto wa Waosage. Tukilikumbuka hilo, tunaweza kujifunza kwa mtu huyu bila kujidanganya.

Mwaka 1874 familia ilifika karibu na mji mdogo wa Walnut Grove, Minnesota. Mwaka huo huo waumini wa mji walijenga kanisa lao la kwanza, na Charles na Caroline wakawa miongoni mwao. Kanisa lilihitaji kengele. Katika kitabu chake, Laura anasimulia kwamba baba yake alikwenda mjini kununua viatu, kwa kuwa vyake vilikuwa vimetoboka. Alirudi na vile vile vya zamani. Dola tatu za viatu alikuwa amezitoa kwa ajili ya kengele. Simulizi ya kitabu ni ya kitabu, lakini kumbukumbu za kanisa nazo zinamtaja Charles kati ya waliochangia.

Sasa, ndugu yangu, kama hesabu za baadhi ya wahubiri wetu ni sahihi, mtu huyu alistahili mavuno ya kujaza ghala. Waliokuja ni nzige.

Waliofunika mashamba ya kaskazini mwa Kenya mwaka 2020 walikuwa nzige wa aina nyingine, lakini aliyewaona hahitaji kuelezwa sana. Walishuka Minnesota kama wingu, wakala ngano, wakala bustani, wakataga mayai ardhini, na mwaka uliofuata mayai yakaanguliwa. Ngano ambayo Charles aliitegemea kulipa madeni iliishia matumboni mwao. Laura anasimulia jinsi baba yake alivyofunga safari ndefu kwa miguu kwenda mashariki, ambako nzige hawakufika, akavune mashamba ya watu kwa ujira. Alitembea na viatu vile vile.

Kuna jambo moja ambalo vitabu vya binti yake havikulisema. Mwishoni mwa mwaka 1875, serikali ya jimbo ilipogawa unga wa msaada kwa wakulima, masharti yalikuwa kwamba kila mwombaji aapishwe kuwa hana uwezo wowote. Charles alikwenda akaapa, akatia sahihi, akapewa nusu mapipa mawili ya unga yenye thamani ya dola 5 na senti 25. Nyumbani alikuwa na mke, mabinti watatu, na mtoto wa kiume aliyezaliwa mwezi ule ule wa Novemba, aliyeitwa Frederick.

Hebu simama hapo kidogo. Mtu aliyetoa ili kengele ya kanisa ipate kulia, sasa anasimama mbele ya karani na kuapa kuwa ni maskini. Nadhani alipokuwa akirudi na unga ule aliisikia kengele, au aliuona mnara wake. Sijui alisema nini moyoni. Lakini wewe uliyewahi kupanga foleni ya msaada ukiwa umevaa nguo zako za Jumapili unaweza kukisia.

Shamba liliuzwa mwaka 1876. Wakiwa njiani kuelekea Iowa walipumzika kwa ndugu zao, na huko, tarehe 27 Agosti, Frederick akafariki akiwa na miezi tisa. Hawakupata mtoto mwingine wa kiume.

Mwaka uliofuata, gavana wa Minnesota, John Pillsbury, aliitangaza tarehe 26 Aprili 1877 kuwa siku ya maombi kwa jimbo zima. Maduka yalifungwa, watu wakakusanyika makanisani kumlilia Mungu juu ya nzige. Majira yale ya joto nzige waliruka wakaenda zao. Wengi walishukuru, na ilikuwa haki yao kushukuru. Lakini siku ile ya maombi Charles hakuwa Minnesota. Alikuwa Iowa, akifanya vibarua, na shamba lake lilikuwa na mwenyewe mwingine. Kwa jirani zake jibu lilifika kwa wakati. Kwake lilichelewa.

Tufanye nini na habari kama hii? Tunaweza kusema alikosa imani, au alitoa kwa moyo usiofaa. Ndivyo rafiki zake Ayubu walivyosema, na Mungu aliwakasirikia. Au tunaweza kukubali kwamba sadaka si bei. Charles hakununua mvua kwa fedha ya viatu. Alinunua kengele, na kengele aliipata. Ililia kila Jumapili, ikawaita watu waliokuwa na ngano na wasiokuwa nayo.

Nabii Habakuki, katika sura ya 3, anataja mtini, mizabibu, mizeituni, mashamba na mazizi, kila kimoja kikiwa kitupu, halafu anasema furaha yake katika Bwana iko pale pale. Hasemi kwamba mazizi yatajaa wiki ijayo. Hiyo ndiyo imani ambayo mara chache huitwa mbele kutoa ushuhuda kwa kipaza sauti.

Charles na Caroline walirudi Walnut Grove. Mwaka 1879 binti yao mkubwa, Mary, aliugua akapofuka akiwa na miaka 14. Mwaka huo huo walihamia Dakota, mahali palipokuja kuwa mji wa De Smet. Na mwaka 1880, watu hawa ambao kengele ya kwanza haikuwaletea hata gunia la ngano, walikuwa miongoni mwa waanzilishi wa kanisa la mji ule mpya. Walibana matumizi, Laura akafundisha shule akachangia mshahara wake, na Mary akasoma katika chuo cha vipofu huko Vinton, Iowa, akahitimu mwaka 1889.

Charles alipata hati ya shamba lake la Dakota mwaka 1886, lakini baadaye aliacha kilimo akahamia mjini, akaishi kwa useremala. Alifariki mwaka 1902. Mwaka huo huo ndipo nzige wa aina ile walipoonekana wakiwa hai kwa mara ya mwisho. Wametoweka kabisa duniani. Watu wa Walnut Grove husema kengele ile ingalipo, katika mnara wa kanisa jingine la mji wao.

Ndugu msomaji, leo kikapu cha sadaka kitakapokufikia, toa kwa sababu unampenda Mungu na kuna kazi ya kufanywa. Usimwekee masharti. Na ukimwona aliyetoa mwaka jana akiomba unga mwaka huu, usimuulize dhambi yake. Mpelekee unga, tena kabla hajalazimika kuapa.

Ee Bwana, tufundishe kukupenda hata ghala likiwa tupu. Amina.

Jumapili njema.