Kabla ya Kupandisha Chumba Juu ya Gereji

Wateja wangu, wawe wa Musoma mjini, Bunda au Butiama, huanza na swali lilelile: "Fundi, chumba juu ya gereji ni shilingi ngapi?" Mimi huanzia chini. Nachimba pembeni mwa msingi nione kina chake, kisha naangalia kama kona zina nguzo za nondo. Gereji nyingi zilijengwa kubeba bati tu; kuta zake hazikukusudiwa kubeba zege.

Tuseme gereji ni mita 6 kwa 4. Slabu ya sentimita 15 ni mita za ujazo 3.6, kwa mchanganyiko wa 1:2:4 inakula mifuko kama 23 ya saruji ya kilo 50. Hapo bado nondo, mbao, mirunda, ngazi na ujira.

Kwa hiyo tangulia na mchoro wa mhandisi, mchanganuo wa gharama na kibali cha halmashauri. Tenga angalau asilimia 10 ya dharura. Fedha ikiwa pungufu, mwaka huu maliza nguzo na slabu, uimwagilie maji siku 7 bila kukosa. Kuta na bati zitafuata mwakani.