Pinotage ya Kanonkop Haitaki Haraka

Mbogi nyingi mtaani zikiskia waini, zinafikirianga ile tamu ya sherehe, inatolewa kwa friji ikiwa barafu na kubugiwa hadi chupa iishe. Fiti, kila msee na raha yake. Lakini kuna waini nyekundu ya hapa Afrika ukiimaliza hivo umeikosea heshima: Pinotage ya Kanonkop, shamba la waini la Stellenbosch, Afrika Kusini.

Zabibu yenyewe, Pinotage, ni mtoi wa hapo. Mwaka wa 1925, prof Abraham Izak Perold alizalisha Pinot Noir na Cinsaut, zote za Ufaransa, ikatoka mbegu mpya. Kanonkop wako kwa miteremko ya mlima Simonsberg, na bado huchachisha juisi kwa matangi wazi ya simiti, maganda yakisukumwa chini kwa mkono mchana na usiku. Ile chupa yao noma, Black Label, hutoka kwa mizabibu ilipandwa 1953. Miti mizee huzaa kidogo, lakini kale kadogo kamekolea mbaya.

Sasa rada ya kuonja. Iweke kwa friji dakika 20 hivi, isizidi, juu baridi kali huua harufu na kuacha uchungu peke yake. Mwaga kidogo, hata nusu ya glasi usifike. Izungushe polepole, alafu zamisha pua. Mi hupata plamu nyeusi kwanza, kisha cheri, kisha kamoshi ka pipa la mwaloni. Ipe dakika 10 inuse tena. Maze, imebadilika!

Piga fundo dogo, litembee mdomo mzima. Ufizi utakauka ka umenyonga turungi. Hiyo ni tanini ya maganda, na hapo ndo wasee wengi huchomoka. Buda, tulia. Leta mbavu za mbuzi choma, zile ziko na mafuta. Tafuna, alafu rudi kwa glasi: ukavu umelainika, tunda limekuja mbele. Samaki haiwezi hii kazi.

Najua Black Label ni ya wadosi. Anza na Kadette, ya hao hao Kanonkop, ganji yake si ngori. Changeni wasee wanne: chupa ya mililita 750 inawapea kila mtu glasi moja ya maana. Zimeni simu, choma ikiwa moto, mnywe pole. Kwa waini nyekundu za Afrika, hakuna ingine inanibamba hivi.