Dominika Pasipo Padri



 Ketini karibu na redio, mwiteni na jirani. Leo tutasema juu ya jambo ambalo wengi wenu mnalijua kwa kuliishi: Dominika imefika, kengele imelia, watu wamekusanyika katika kapela, lakini padri hayuko. Je, siku hiyo Kanisa liko wapi? Nasi tufanye nini?

1. Habari ya kijiji ng'ambo ya mto

Sikilizeni kwanza habari ya kijiji kimoja. Jina lake si la lazima, maana vijiji kama hicho ni vingi katika nchi yetu. Kiko ng'ambo ya mto, na misioni iko mwendo wa siku mbili kwa miguu. Wakati wa kiangazi padri hufika mara moja kwa miezi mitatu. Wakati wa masika mto hujaa, daraja la miti huchukuliwa na maji, wala hakuna mtumbwi unaothubutu kuvuka.

Mwaka mmoja mvua ilizidi. Dominika ya kwanza pasipo padri, watu walijaa kapelani. Dominika ya pili walipungua. Dominika ya tatu wengi walichukua majembe wakaenda mashambani, wakisema: «Hakuna Misa, basi hakuna Dominika.» Katekista akabaki na wazee wanne na watoto.

Katika siku hizo mama mmoja akazaa mtoto dhaifu sana. Nyanya yake akasema: «Tumbatize upesi.» Wengine wakamkataza: «Kubatiza ni kazi ya padri. Ukishika maji wewe utafanya dhambi.» Wakangoja. Usiku wa tatu mtoto akafa mikononi mwa mama yake.

Asubuhi yule mama akaja mlangoni kwa katekista. Hakulia tena. Akauliza neno moja tu: «Mwalimu, mtoto wangu yuko wapi?» Katekista akainama, asipate la kujibu.

Maji yalipopungua padri akafika. Kabla ya kupumzika, kabla ya kula, akapelekwa nyumbani kwa yule mama. Akaketi chini pamoja naye, akamwambia: «Mama, Mungu ametupa sakramenti ili zituokoe, lakini yeye mwenyewe hafungwi nazo. Yezu aliwaita watoto wadogo waje kwake, akawakasirikia waliowazuia. Mtoto wako tunamkabidhi kwa huruma yake, nasi tuna matumaini. Wewe huna kosa. Kosa ni letu, maana hatukuwafundisha watu vizuri.» Kisha akaenda kapelani, akafundisha mambo ambayo tutayafundisha leo.

2. Kanisa halikuondoka na padri

Watu wengine hudhani Kanisa ni kama duka: mwenye duka akisafiri, mlango hufungwa. Sivyo. Siku ya Ubatizo wetu tulifanywa viungo vya Mwili wa Kristu. Padri akiwa mbali, viungo havikufa. Tunamhitaji sana padri, maana pasipo yeye hakuna Misa. Lakini Kristu hakuvuka mto pamoja na padri akatuacha peke yetu.

Tazameni Wakristu wa Uganda. Mapadri Wamisionari wa Afrika, wale walioitwa Mapadri Weupe, walifika kwa mfalme wa Buganda mwaka 1879. Mwezi wa Novemba 1882 iliwabidi kuondoka, wakakaa kusini ya ziwa Victoria. Hawakurudi mpaka Julai 1885. Karibu miaka mitatu hapakuwa na Misa wala kitubio. Je, walikuta imani imezimika? Hapana. Waliobatizwa walikuwa wamewafundisha wengine, kila mmoja nyumbani mwake na mahali pa kazi yake, na idadi ya waamini iliongezeka. Kule Mityana, mbali na misioni, Matiya Mulumba, Luka Banabakintu na Noe Mawaggali waliwakusanya watu wasali na kujifunza dini.

Kisha tazameni usiku wa kuamkia tarehe 26 Mei 1886. Mfalme Mwanga alikuwa amewakasirikia vijana wa nyumba yake walioshika dini. Karoli Lwanga, mkubwa wao, alijua kwamba kesho watahukumiwa kufa. Padri hakuwa pale. Ndipo Karoli, ambaye mwenyewe alikuwa amebatizwa Novemba 1885 tu, alipotwaa maji akawabatiza wakatekumeni waliokuwa pamoja naye. Mmoja wao alikuwa kijana Kizito. Siku chache baadaye, tarehe 3 Juni, wakachomwa moto Namugongo. Je, Kanisa lilisema Ubatizo ule ni bure kwa kuwa hakuna padri aliyeutoa? Papa Paulo VI aliwatangaza kuwa watakatifu tarehe 18 Oktoba 1964.

Nasi hapa Kongo tunaye ndugu yetu Isidori Bakanja. Alibatizwa mwaka 1906. Alikwenda kufanya kazi katika shamba la kampani mahali pasipo misioni. Hakuwa na padri wala kapela. Alikuwa na rozari yake, na skapulari ya Bikira Maria shingoni. Alisali, akawafundisha wenzake sala. Kwa sababu hiyo msimamizi wa shamba aliamuru apigwe mpaka mgongo ukachanika. Majeraha yakaoza, akateswa kwa miezi mingi. Mapadri walipomfikia, wakampa sakramenti, wakamwomba amsamehe aliyempiga. Alijibu kwamba hana chuki, na kwamba akifika mbinguni atamwombea sana. Alikufa tarehe 15 Agosti 1909. Papa Yohane Paulo II alimtangaza mwenye heri mwaka 1994.

Basi mtu asiseme: «Mimi ni Mkristu wa kijijini tu, siwezi kitu pasipo padri.»

3. Namna ya kuitukuza Dominika

Mtaguso wa pili wa Vatikano, katika mafundisho yake ya tarehe 4 Desemba 1963 juu ya liturujia, ulihimiza ibada ya Neno la Mungu mahali ambapo padri hayupo. Kwa hiyo ibada ya Dominika si jambo la kupoteza wakati mpaka padri afike. Ni kazi ya Kanisa lenyewe.

Wakristu wakusanyike saa ile ile ya kila Dominika. Katekista aongoze, au mwingine aliyewekwa na padri. Waimbe, waungame udhaifu wao mbele ya Mungu, wasikilize masomo ya siku hiyo. Katekista aeleze Injili kwa maneno machache na wazi. Asitumie mahali pale kuwapiga vijembe wale aliogombana nao. Kisha wawaombee wagonjwa, wasafiri, wakubwa wa nchi, na marehemu. Wasali Baba Yetu. Mahali ambapo askofu ameruhusu, na mtu amewekwa kwa kazi hiyo, Komunio Takatifu yaweza kutolewa. Pengine popote, kila mmoja amwambie Yezu moyoni jinsi anavyotamani kumpokea.

Baada ya ibada, msitawanyike upesi. Ulizeni: Nani hakuja? Kwa nini? Aliye mgonjwa, aende mtu kumtazama. Waliogombana kwa ajili ya mbuzi au mpaka wa shamba, wapatanishwe kabla jua halijashuka. Mwaka 1961 maaskofu wa Kongo, walipokutana Léopoldville, ambayo leo ni Kinshasa, walitaka Kanisa letu lijengwe juu ya jumuiya zilizo hai, ambamo watu wanajuana kwa majina na kwa shida zao. Jumuiya hujengwa hasa saa ile, chini ya mti, watu wanapoulizana habari.

4. Ubatizo katika hatari ya kufa

Sasa sikilizeni vema, maana neno hili laweza kuhitajiwa usiku huu huu nyumbani mwenu.

Kwa kawaida askofu, padri na shemasi ndio wabatizao. Lakini mtu akiwa katika hatari ya kufa, na hao hawapatikani, kila mtu aweza kubatiza: mwanamume au mwanamke, mkunga, nyanya, hata mtu ambaye mwenyewe hajabatizwa, mradi anataka kutenda lile ambalo Kanisa hutenda.

Twaa maji ya kweli: ya mto, ya kisima, au ya mvua. Usitumie pombe, maziwa wala mafuta. Mimina maji kichwani mwa mgonjwa mara tatu, yaguse ngozi na kutiririka, huku ukisema mwenyewe: «Mimi ninakubatiza kwa jina la Baba, na la Mwana, na la Roho Mtakatifu.» Anayemimina ndiye anayesema. Si vema mmoja amimine na mwingine aseme.

Kama mgonjwa ni mtu mzima, usimbatize kwa nguvu wala kwa hila. Lazima atake mwenyewe, asadiki mambo makubwa ya imani yetu, atubu dhambi zake, na kuahidi kushika amri za Mungu.

Kisha mpashe katekista habari, naye aandike: jina, siku, wazazi, aliyebatiza, na mashahidi. Padri akija, mwambieni. Mtoto akipona hatabatizwa mara ya pili, kwa maana Ubatizo ni mmoja. Atapelekwa kanisani ili ibada zilizobaki zitimizwe.

5. Mkristu anayekufa

Mgonjwa akizidiwa, mpelekeeni padri habari mapema. Msingoje mpaka pumzi ya mwisho, ndipo mtafute vijana wa kumbeba kwa kipoyi. Lakini kama padri hawezi kufika, msimwache mgonjwa peke yake, wala msimkimbilie mpiga bao atafute nani amemroga. Wakati ule watu hugawanyika, jirani humtazama jirani kama adui, na mgonjwa hufa katikati ya hofu badala ya sala.

Msaidieni atoe majuto kamili. Maana yake, asikitikie dhambi zake si kwa hofu ya moto tu, bali kwa kuwa Mungu ni mwema na amempenda, naye amemchukiza. Akiwa na majuto hayo, pamoja na nia ya kuungama mara atakapoweza, Mungu humsamehe hata dhambi kubwa. Msomeeni Injili ya mateso ya Bwana. Wekeni msalaba mahali anapouona. Mkumbusheni kwa upole awasamehe waliomkosa, kama Isidori alivyosamehe.

6. Katekista si padri mdogo

Katekista anaongoza ibada, anafundisha, anazika wafu mahali ambapo padri amemwagiza. Lakini hawezi kusoma Misa, wala kuondolea dhambi, wala kumpaka mgonjwa mafuta matakatifu. Asikubali watu wamfanye kapita wa dini anayeamuru na kutoza. Akidai kuku ili aandike jina la mtoto katika orodha ya Ubatizo, anauza kitu kisicho chake.

Nanyi Wakristu, msimwache katekista afe njaa. Yeye pia ana watoto wa kusomesha. Siku anazokwenda kuwatembelea wagonjwa, mihogo yake inaliwa na nguruwe wa porini. Mlimieni shamba lake siku moja katika juma, mtengenezeeni paa kabla ya masika. Mwaka 1964, wakati wa maasi, mapadri na masista wengi waliuawa au walilazimika kuondoka katika nchi yetu, na mahali pengi ni makatekista na wazee wa Kikristu walioendelea kuwakusanya watu wasali. Deni lao hatujalilipa.

Maswali na majibu

Je, padri akikosa, Dominika inakoma kuwa siku ya Bwana?
Hapana. Inatupasa kuitukuza kwa ibada, kwa mapumziko, na kwa matendo ya mapendo.

Nani aweza kubatiza katika hatari ya kufa?
Kila mtu, akimimina maji na kusema maneno ya Ubatizo kwa nia ya Kanisa.

Majuto kamili ni nini?
Ni kusikitikia dhambi kwa sababu ya kumpenda Mungu aliye mwema kabisa.

Kusudi la juma hili

Baba na mama, jioni hii wafundisheni wote wa nyumba yenu maneno ya Ubatizo, mpaka kila mmoja aweze kuyasema pasipo kukosea. Na kila jumuiya imchague mtu mmoja wa kumtembelea yule mgonjwa ambaye hakuonekana Dominika iliyopita.

Tusali

Ee Bwana Yezu, mchungaji wetu, tupe mapadri watokao katika vijiji vyetu. Na siku padri asipoweza kuvuka mto, usituache tulale usingizi. Uufariji moyo wa kila mama aliyempoteza mtoto. Utufanye watu wanaobebana, mpaka utakapotukusanya sote nyumbani kwako. Amina.

Wakristu wapenzi, somo letu limekwisha. Yule mama wa ng'ambo ya mto sasa ni mkunga wa kijiji chake. Katika kila nyumba anayoingia kuzalisha, hutanguliza kikombe cha maji safi, akakiweka karibu. Fanyeni nanyi vivyo hivyo. Kwaherini, na Mungu awabariki.